Mikono ya Bi Keziah Entwistle, Mkunga na Mwosha Maiti wa Thornclough

Wasifu huu unasomwa nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Cinder, Jumamosi alasiri tarehe 11 Februari 1893, na Reuben Kershaw, mtoto wa mdogo wake marehemu, kabla jeneza halijafungwa. Tunawashukuru mliotoka kiwandani mkaja moja kwa moja bila hata kunywa chai, na ninyi mliosimama barabarani kwa sababu sebule haitoshi. Tunaomba radhi kwa baridi inayoshuka ngazini. Dirisha la chumba cha juu liko wazi na dada yangu Lavinia amekataa katakata lifungwe. Sababu yake mtaisikia.

Marehemu mwenyewe aliniagiza mwezi wa Desemba, akiwa bado ana sauti. Alisema: "Reuben, siku hiyo usinipambe. Soma yote. Ukiruka hata kidogo watu watajua umeruka, maana waliyashuhudia." Basi yatasomwa yote.

Marehemu Keziah alizaliwa tarehe 17 Machi 1829, Tenter Fold, hapahapa Thornclough, akiwa mtoto wa tatu wa Josiah Kershaw, mfumaji wa mkono, na mkewe Nancy. Nancy alizaa watoto sita. Waliofika utu uzima ni wawili tu, Keziah na mdogo wake Enoch, ambaye ndiye baba yetu. Wale wengine walichukuliwa na homa nyekundu mwanzoni mwa mwaka 1836, wakafuatana mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alipolazwa, waliobaki waliletwa wamguse paji la uso kwa mkono mtupu, kama tunavyofanya sote katika mji huu, ili aliyekufa asije akawajia ndotoni. Keziah alikuwa mfupi, hakufikia ubao wa maiti, kwa hiyo baba yake alimwinua kiunoni akamgusa kila mmoja. Uzeeni alituambia kwamba desturi ile ilifanya kazi yake sawasawa. Hakumwota hata mmoja wao, sura zao zikamtoka kabisa, na jambo hilo lilimuuma hadi mwisho.

Masomo yake yalikuwa ya Jumapili, katika kanisa letu la Wamethodisti la Zoar. Alifundishwa kusoma, hakufundishwa kuandika, kwa kuwa wazee wa kanisa wa wakati ule waliona kusoma ni ibada ila kuandika ni kazi, na kazi siku ya Bwana ni dhambi. Alikuwa akisema kwa utani kwamba ndiyo maana ana mwandiko mzuri, haujawahi kuharibika kwa kutumiwa. Alipofika miaka tisa aliingia kiwandani. Huko alijifunza somo lililomkaa kuliko yote, yaani kusema kwa midomo bila sauti, kama wafanyavyo wafumaji wote katika kelele za mashine. Macho yake yalikuwa makali. Mtu akisema jambo nyuma ya kioo upande wa pili wa barabara, yeye alilipata lote, na mara nyingi alilijibu.

Tarehe 4 Mei 1851 alifunga ndoa na Jabez Entwistle, mwendesha mikokoteni ya makaa, mtu mkubwa, mpole, mwenye sauti ya kuimba ya chini kabisa. Walipendana kwa kugombana. Jabez alikuwa akiingia ndani na viatu vyake vya mbao vyenye matope juu ya sakafu iliyosuguliwa, naye marehemu akimfuata na tambara huku akisema, "Haya, pita, pita tu, mfalme wa makaa." Walijaliwa mtoto mmoja, wa kiume, aliyezaliwa hana pumzi. Bibi mmoja, Grace Lumb, ndiye aliyempokea mtoto yule, na ndiye aliyemwosha na kumvika, kwa mikono ileile na katika saa ileile. Marehemu alisema aliitazama mikono ile muda wote akiwa kitandani, na alipopata nguvu alimfuata bibi yule akamwomba amfundishe.

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ambayo wote hapa mnaijua. Bi Grace alipozeeka, kapu lake lilihamia mtaa wa Cinder, katika nyumba hii. Kapu lilikuwa moja. Ndani yake mlikuwa na mkasi, uzi, vitambaa vya mtoto, soksi nyeupe, kitambaa cha kufungia kidevu, na sarafu mbili za kuwekea macho. Nyuma ya mlango uliegemezwa ubao wa kulazia maiti, ambao bado upo. Mtu akizaliwa aliitwa Keziah, mtu akifa aliitwa Keziah, na hakuna aliyeona ajabu. Nyumba ngapi humu mjini aliingia kwa mambo yote mawili!

Bwana Silas Bamber, aliyesimama pale karibu na mlango, ameturuhusu kusimulia lake. Asubuhi moja marehemu alikuwa amemwosha bibi mmoja wa jirani, na kabla hajafika nyumbani akaitwa kwa Silas, ambaye mkewe Alice alikuwa katika uchungu wa mtoto wa kwanza. Akaja na kila alichokuwa nacho. Silas akafungua mlango, akauona ubao, akawa mweupe.

"Bi Keziah, hajafa! Nakwambia hajafa, yuko juu anapiga kelele!"

"Namsikia. Ubao ni wa jirani. Sogea nipite."

Silas hakusogea, alianguka. Marehemu akamruka, akapanda ngazi, na mtoto alipozaliwa akashuka naye akamkuta Silas bado yuko chini. "Amka, baba," akamwambia. "Mtu wa tatu katika nyumba hii amefika na hakuna wa kumshika." Tulicheka kisa hiki kwa miaka mingi, na marehemu alicheka kuliko wote, hadi alipofika mahali ambapo hakuweza tena kukicheka.

Jabez alifariki Septemba 1866 kwa homa ya matumbo, pamoja na wengine wengi wa upande wetu wa mto. Mtakumbuka kisima cha chini ya makaburi ya Zoar, ambacho maji yake yalikuwa matamu na yenye kumetameta, tukayasifu kuliko ya mtaa wowote, na mgonjwa akizidiwa ndiyo tuliyomkimbizia. Marehemu alimpa mumewe maji yale kwa kijiko hadi dakika ya mwisho. Baadaye Halmashauri ilileta daktari wa afya wa mji, Dkt. Septimus Garside, ambaye sote tunamwita Bwana Afya, naye akakifunga kile kisima. Tulimzomea. Marehemu naye alizomea, akiwa amesimama mstari wa mbele na ndoo.

Sasa tunafika Novemba 1874.

Mwezi ule mzee Ormerod wa Mill Row alikufa kwa ule ugonjwa unaovimbisha uso na kuifanya ngozi iwe nyekundu. Marehemu alimwosha na kumlaza. Alasiri ileile, tarehe 12, aliitwa kwa Phoebe, dada yetu mkubwa, aliyeolewa na Tatlock. Akanawa kwenye ndoo, akajifuta kwa aproni yake, akaenda. Phoebe alijifungua salama mtoto wa kike. Alimpokea mkononi, akauliza, "Shangazi, jina lako ni refu sana kwa kitu kidogo kama hiki?" Marehemu akasema jina hukua na mwenyewe. Basi mtoto akaitwa Keziah Ann. Siku ya tatu Phoebe alianza kutetemeka, na tarehe 18 alifariki. Kabla mwezi haujaisha homa hiyohiyo ya uzazi ilikuwa imewachukua wanawake wengine watatu, mmoja wao akiwa Alice, mkewe Silas.

Marehemu aliwaosha wote wanne, na akanawa kwenye ndoo ileile.

Dkt. Garside alikuja hapa siku ya mvua. Yafuatayo nimeyapata kwa marehemu mwenyewe.

"Karibu, Daktari. Kaa. Si kwenye kiti hicho, mguu wake mbovu."

Daktari hakukaa. Alisimama na kofia mkononi, maji yakimchuruzika sakafuni. "Bi Entwistle, mzee Ormerod ulimwosha wewe?"

"Nani mwingine?"

"Na ulipotoka pale ulikwenda wapi?"

Hapo marehemu ndiye aliyekaa, kwenye kiti kile kibovu.

"Kwa Phoebe wetu," alisema. "Nilinawa, Daktari."

"Kwa maji ya wapi?"

"Ya ndoo. Na aproni ilikuwa safi, niliifua Jumatatu."

Daktari akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hasemi alikusudia. Akasema madaktari wenyewe wameubeba ugonjwa huu mikononi mwao kutoka kitanda hadi kitanda, na wengine hadi leo wanakasirika wakiambiwa. "Lakini nimezipitia nyumba zote nne. Sikuona kitu kinachoziunganisha ila wewe. Mkono uliogusa maiti ya namna ile hauwezi kumgusa mzazi. Sina sheria ya kukuzuia, mama. Ninachoweza ni kukuomba. Chagua kazi moja."

"Chukua watoto," alisema marehemu.

Daktari alishangaa. Alidhani angeng'ang'ania watoto, maana huko ndiko kwenye furaha na keki na kualikwa ubatizo.

"Una hakika?"

"Wafu siwezi kuwadhuru tena."

Daktari akavaa kofia yake. Alipofika mlangoni alimwambia kwamba taarifa ya vifo atakayoisoma mbele ya Halmashauri haitakuwa na jina la mtu, na kwamba hakuna haja ya mtaa kujua. Marehemu akamjibu, "Taarifa ni yako, andika upendavyo. Mtaa ni wangu."

Jumapili iliyofuata alivaa kofia yake ya kanisani na akaenda kwenye zile nyumba nne kuwaeleza aliyoambiwa na Daktari. Hakuna aliyemtuma, na kama asingekwenda hakuna ambaye angejua hadi leo. Nyumba ya kwanza hawakumwelewa, wakadhani huzuni imemchanganya. Ya pili walimfungia mlango usoni. Silas alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama atakunywa chai, kisha akalia mbele yake akiwa ameshika birika. Nyumba ya mwisho ilikuwa kwa Lavinia, milango miwili kutoka hapa, ambaye alikuwa amemchukua mtoto wa Phoebe, kwa sababu baba wa mtoto alikuwa tayari anafungasha kwenda Bradford. Lavinia alimsikiliza hapo kizingitini, mtoto begani.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi nenda."

Tangu siku ile hawakusemezana kwa zaidi ya miaka kumi na minane. Wote wawili walisugua vizingiti vyao kwa jiwe kila Ijumaa asubuhi kama kila mwanamke wa Thornclough, wakiwa wamepiga magoti hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwenzake, na Lavinia akampa mgongo.

Mtaa nao ulifuata. Wanawake wajawazito walivuka barabara walipomwona. Wengine hawakuwa na chuki naye, bali waliogopa tu, na siwezi kuwalaumu. Lakini alikuwa na yale macho ya mfumaji. Walisimama madirishani wakisemezana kwa midomo, naye akipita chini akiyapata yote. Hakujibu tena. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili, na wakati wa kupeana mikono yeye aliiweka ya kwake chini ya shali, ili asimtie mtu katika aibu ya kukataa. Ilinuka sabuni ya kaboliki. Aliisugua asubuhi na jioni, na kabla na baada ya kila maiti, mpaka ngozi ikapasuka na haikupona tena. Nadhani katika miaka ile yote mikono yake haikushikwa na mtu aliye hai, isipokuwa mimi, nami nilimtembelea mara chache mno.

Wafu hawakumkataa. Tulikuwa tukimwita, tena upesi, ila tukimpitisha mlango wa nyuma. Alipomaliza kazi alipewa chai na kipande cha paja la nguruwe jikoni akiwa amesimama, wakati waombolezaji wamekaa sebuleni. Alikula akashukuru.

Na bado alituudhi. Alianza kutukataza kuwagusa wafu wetu. Si wote. Mzee aliyekufa kwa uzee, au mtu aliyeangukiwa na jiwe machimboni, aliwaacha watu wamguse. Lakini penye homa nyekundu au koo la kuziba, alisimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni, na mtoto hakupita. Mwaka 1882, nyumbani kwa Dorcas Pilling, ilikuwa vita. Mjukuu mmoja wa Dorcas amelazwa juu na wenzake wamepangwa ngazini tayari kupanda.

"Toka mlangoni, Keziah. Wanataka kumuaga ndugu yao."

"Wamuage kutokea hapo chini."

"Wasipomgusa watamwota!"

"Waache wamwote. Anayeota yuko hai."

"Ala! Wewe ndiye wa kutufundisha sisi usafi? Wewe?"

"Ndiyo, mimi," alisema. "Kama yupo anayeujua zaidi, mwite."

Dorcas alimtemea mate miguuni. Watoto hawakupanda, na wale waliokuwa ngazini siku ile ni watu wazima leo. Wawili wako hapa, na mmoja wao atabeba jeneza. Dkt. Garside alipata kusema mbele ya Halmashauri kwamba vifo vya homa vimepungua mjini kwa sababu ya mabomba ya maji na kufukiwa kwa vyoo vya shimo. Ni kweli, na tunamshukuru. Hatutaki kumpa marehemu sifa ya mabomba. Tunasema tu kwamba kwenye mlango wa Dorcas Pilling hapakuwa na bomba, alikuwapo yeye.

Kuna jambo dogo jingine. Mnajua kwamba mtoto mchanga akiingia nyumba kwa mara ya kwanza hupewa yai na chumvi kidogo, ili asikose chakula maishani. Marehemu alikuwa amelitayarisha yai la mtoto wa Phoebe, na mtoto hakuletwa kamwe nyumbani humu. Basi kila mwaka tarehe 12 Novemba, kabla ya ving'ora vya kiwanda, alikwenda akaweka yai na kifurushi kidogo cha chumvi kwenye dirisha la Lavinia. Kukipambazuka havipo. Hakujua kama vinachukuliwa, vinatupwa, au vinaliwa na paka wa Pilling. Hakuuliza, na mwaka uliofuata alirudia.

Januari ya mwaka huu ukungu na moshi vilikaa juu ya mji bila kupanda. Marehemu alishikwa na mkamba, kifua kikaziba, sauti ikamwisha. Hakumwambia mtu. Ijumaa moja Lavinia alipiga magoti kusugua kizingiti chake, akageuka, akaona kizingiti cha shangazi yake ni kichafu. Alisema baadaye kwamba alijaribu kukiacha, na akasugua chake mara ya pili bila sababu. Kisha akabeba jiwe na ndoo, akaja akakisugua cha marehemu, na alipomaliza akasukuma mlango.

Alimkuta kitandani, jiko limezimika. Marehemu akamwambia kwa midomo, maana sauti hakuwa nayo, "Nawa kwanza."

"Nimetoka kusugua kizingiti chako, mikono yangu ni safi kuliko ya mchungaji," alisema Lavinia.

"Nawa."

Lavinia akanawa. Tangu siku hiyo alikuja asubuhi na jioni na mchuzi na makaa. Alikaa na kofia kichwani kama mtu atakayeondoka sasa hivi, akikaa hivyo saa nzima. Mimi nilikuwepo mara mbili. Hawakuzungumza jambo la maana. Waliongea kwa midomo tu, wote wawili, ingawa Lavinia ana sauti yake nzima. Niliona marehemu akiuliza, "Yale mayai?"

"Tuliyala," Lavinia akajibu.

"Yote?"

"Yai ni yai. Ulitaka niyatupe?"

Marehemu akafumba macho akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi, tukamwinua. Hatutasema kwamba Lavinia alimsamehe, kwa sababu Lavinia hakusema hivyo, na yuko hapa na anaweza kunikatiza. Hajanikatiza. Basi tuendelee.

Jambo lililomtia marehemu wasiwasi katika siku zile lilikuwa moja. Nani atamwosha? Mjini hakuna mwingine anayefanya kazi hii vizuri, na aliamini hakuna ambaye angekubali kumgusa. Droo yake ya chini ilikuwa tayari tangu zamani, gauni, soksi nyeupe, sarafu na sabuni ya kaboliki. Alikuwa ameniomba niandike kwa mwanamke mmoja wa mji wa jirani ambaye hatumjui, na niliandika. Lavinia alipofahamu alinipokonya barua mkononi akaitupa motoni. "Shangazi hataoshwa na mgeni," alisema, na mara hiyo moja alisema kwa sauti.

Jumatatu jioni marehemu alimwomba Lavinia afungue dirisha. Tunafungua dirisha mtu akishakufa, ili roho ipite, na yeye alilifungua katika mamia ya nyumba.

"Utakufa kwa baridi," alisema Lavinia.

"Ndiyo kazi yenyewe," akajibu marehemu. Kisha akaongeza, "Nikienda usiku, nani atanifungulia?"

Lavinia alisema atakuja alfajiri kabla ya kiwanda, na kwamba dirisha litasubiri hadi hapo. Akalifunga vizuri, akamfunika, akaenda nyumbani kumwandalia Annie, yule mtoto wa Phoebe, chakula cha kiwandani. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 7 Februari 1893, kati ya usiku na alfajiri, peke yake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Lavinia alipofika alimkuta amegeukia dirishani. Alilifungua kwa nguvu hadi bawaba ikang'oka, na tangu hapo hajaruhusu mtu alifunge. Hiyo ndiyo baridi mnayoisikia.

Lavinia alimwosha mwenyewe. Alinawa kwanza, kwa kaboliki, kama alivyofundishwa. Alimwosha miguu, mgongo, na mikono kidole kwa kidole. Paji la uso alilipangusa kwa kitambaa, hakuligusa kwa mkono wake. Nilipomuuliza kama amesahau, aliniambia hapana, hajasahau.

Marehemu ameacha mtoto wa mdogo wake, Reuben Kershaw, na mkewe Sarah. Mtoto wa mdogo wake, Lavinia Kershaw. Na mjukuu, ambaye mtaa mzima unamwita Annie, lakini ambaye leo ameomba asomwe kwa jina alilopewa na mama yake siku ile ya kwanza, kabla ya homa, yaani Keziah Ann Tatlock. Ametanguliwa na mumewe Jabez, mtoto wake wa kiume, mdogo wake Enoch, mpwa wake Phoebe, na ndugu zake wa Tenter Fold ambao hakuweza kuwakumbuka sura.

Dkt. Garside ameandika kwamba sababu ya kifo ni mkamba. Yuko nje hapo, na amethibitisha kuwa hakuna hatari yoyote ya kumgusa marehemu. Mtaona kwamba mikono yake imelazwa juu ya sanda, haikufunikwa. Basi kabla Bwana Silas hajaleta kifuniko, atakayependa na aje, mlango wa mbele uko wazi. Njooni mumshike mkono, hata mkimshika kwa muda mrefu, hatuna haraka. Lakini tunawaomba kitu kimoja, majirani. Paji la uso msiliguse. Sisi tunataka kumwota.

Apumzike sasa Shangazi, na mikono yake ipumzike pamoja naye.